Jiwe, Moto na Chokaa: Enthalpi na Entropi Zinavyoamua Mmenyuko

Kuta za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, kama zilivyo kuta za Gede na za nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe nayo imetoka kwenye matumbawe. Wachomaji wa pwani walipanga magogo kwa duara, wakarundika mawe juu yake, wakawasha moto na kuuacha ufanye kazi. Yaliyobaki yalikuwa mawe meupe, mepesi, yenye kiu. Ukiyamwagia maji yanatokota, yanapasuka, yanatoa mvuke na kuvunjikavunjika hadi kuwa unga. Unga huo ukichanganywa na mchanga na kupakwa ukutani, hurudi pole pole kuwa jiwe.

Mkemia anaona hapo hatua tatu, kila moja ikiwa mmenyuko, yaani vitu kubadilika kuwa vitu vingine. Kwanza kalisi kaboneti (CaCO₃) inagawanyika kuwa kalisi oksidi (CaO) na gesi ya kabonidayoksaidi (CO₂). Pili, oksidi hiyo inaungana na maji kuwa kalisi hidroksidi, Ca(OH)₂, yaani chokaa iliyozimwa. Tatu, hidroksidi inanyonya CO₂ kutoka hewani, inatema maji na kurudi kuwa CaCO₃. Hatua ya kwanza haiendi bila moto wa karibu nyuzi 900 za Selsiasi. Ya pili hulipuka yenyewe mara tu maji yakigusa. Ya tatu nayo hutokea yenyewe, ila kwa miezi na miaka.

Ni nini kinachoamua kwamba hii iende na ile ikae? Shuleni tunapewa fomula, ΔG = ΔH − TΔS (G ni nishati huru, H ni enthalpi, T ni halijoto, S ni entropi, na Δ ni badiliko), na kuambiwa kwamba ΔG ikiwa hasi mmenyuko unaweza kutokea. Wengi wetu tuliikariri, tukafaulu mtihani, tukaiacha hapo. Naona ni hasara, maana ndani ya fomula hiyo mna wazo moja tu, na wazo hilo linaeleweka na yeyote mwenye subira.

Tuanze na enthalpi, ambayo ndiyo nyepesi. Enthalpi ni hesabu ya nishati iliyomo ndani ya vitu, pamoja na ile inayotumika kujitengea nafasi katika hewa inayovizunguka. Jina linatisha, lakini kipimo chake ni cha kawaida: mmenyuko unapofanyika mahali pa wazi, badiliko la enthalpi (ΔH) ni joto linaloingia au kutoka. Likitoka, ΔH ni hasi. Likiingia, ni chanya. Kugawanya moli moja (kipimo cha wakemia cha kuhesabia chembe kwa mafungu) ya kalisi kaboneti, ambayo ni gramu 100, kunataka kilojuli 178. Kati ya hizo, mbili na nusu hivi ni gharama ya gesi kuisukuma hewa ili ipate nafasi ya kukaa. Zilizobaki zinakwenda kuvunja mshikamano wa jiwe.

Hapa kuna kosa linalopitishwa darasani kizazi hadi kizazi, kwamba kuvunja bondi, yaani kifungo kinachoshikanisha atomu, kunatoa nishati. Kuvunja bondi hakutoi nishati kamwe. Kunagharimu, kila mara. Nishati hutoka pale bondi mpya zinapofungika. Angalia haidrojeni inapoungua: kuvunja moli mbili za molekuli za haidrojeni ni kilojuli 872, na moli moja ya oksijeni ni 498, jumla 1,370. Bondi nne za oksijeni na haidrojeni zinapofungika ili kuunda mvuke wa maji, zinarudisha 1,852 hivi. Moto tunaouona ni ile tofauti ya 482. Petroli, kuni, hata chakula, havina nishati iliyofungiwa ndani ikingoja kufunguliwa. Joto linatokana na bondi dhaifu kubadilishwa kwa bondi imara zaidi.

Kwa hiyo ni rahisi mtu kudhani kwamba mmenyuko unakwenda pale tu unapotoa joto. Wakemia wakubwa wa karne ya 19, Julius Thomsen wa Denmark na Marcellin Berthelot wa Ufaransa, waliamini hivyo na kupima joto la mimenyuko kwa miaka mingi wakiwa na imani hiyo. Lakini mkulima yeyote aliyewahi kuyeyusha urea kwenye ndoo anajua jambo linalowapinga: ndoo inapoa, inapoa kiasi cha kuhisiwa na mkono. Gramu 60 za urea zinapoyeyuka hufyonza kilojuli 15 hivi. Ukizitia katika nusu lita ya maji, halijoto hushuka kwa nyuzi 6 au 7. Hakuna aliyeilazimisha, hakuna moto uliowashwa, na bado urea inayeyuka ikichukua joto kutoka kwa maji yanayoizunguka. Kama kutoa joto ndiyo sheria, urea ingebaki chini ya ndoo ikiwa chembe kavu milele.

Kinachokosekana katika hesabu ni entropi. Vitabu vingi huieleza kama vurugu, kisha mwanafunzi anaachwa akifikiria chumba kisichopangwa. Maelezo hayo hayasaidii kupiga hesabu hata moja. Entropi inapima idadi ya njia ambazo nishati na chembe zinaweza kugawanyika huku sisi tukiona kitu kilekile kwa nje.

Chukua mstari mmoja wa bao, wenye mashimo 8, na kete 4. Mashimo ni atomu; kete ni nishati, maana katika ulimwengu wa atomu nishati huja kwa vipande vinavyohesabika. Kete hizo 4 zinaweza kukaa zote katika shimo moja, au mbili huku na mbili kule, au moja moja katika mashimo manne, na kadhalika. Ukihesabu kila mpangilio unapata njia 330. Sasa fungua na mstari wa pili, mashimo yawe 16, kete zikiwa zilezile 4. Njia zinaruka hadi 3,876. Hakuna kete iliyoongezwa, ila uwanja umepanuka. Kama kete zinahamahama bila mpango, zitajikuta zimesambaa katika mistari yote miwili, si kwa sababu kuna nguvu inayozivuta huko, bali kwa sababu mipangilio ya kusambaa ni mingi kuliko ya kujibana. Katika gramu chache za kitu halisi, atomu hazihesabiki kwa makumi bali kwa mabilioni ya matrilioni, na wingi huo unaufanya uwezekano kuwa uhakika.

Ludwig Boltzmann ndiye aliyeunganisha hesabu hii ya njia na entropi ambayo Rudolf Clausius alikuwa ameipa jina mwaka 1865 alipokuwa akichunguza injini za joto. Fomula yake, S = k log W, imechongwa kwenye kaburi lake mjini Vienna. W ni idadi ya njia. K ni namba ndogo sana inayogeuza hesabu hiyo iwe katika juli kwa kelvin.

Bao letu lina jambo la pili la kutuonyesha, nalo ndilo ufunguo wa fomula nzima. Rudi kwenye mstari wa mashimo 8, ukiwa mtupu. Ongeza kete moja: njia zinatoka 1 hadi 8, yaani zinazidishwa mara nane. Ukiwa na kete 4 na kuongeza ya tano, njia zinatoka 330 hadi 792, mara mbili na kidogo. Ukiwa na kete 20 na kuongeza ya 21, zinatoka 888,030 hadi 1,184,040, mara moja na theluthi tu. Kete ni ileile moja. Lakini mahali penye kete chache inaleta mabadiliko makubwa, na mahali palipojaa haileti mengi.

Mahali penye kete chache ni pa baridi. Penye kete nyingi ni pa moto. Ndiyo maana joto likiingia katika mazingira ya baridi huongeza entropi yake sana, na likiingia katika mazingira ya moto huongeza kidogo. Clausius alilisema hilo kwa hesabu fupi: badiliko la entropi ya mazingira ni joto lililoingia ukiligawa kwa halijoto, halijoto ikipimwa kwa kelvin, kipimo kinachoanzia kwenye sifuri halisi.

Sasa unganisha. Mmenyuko ukifanyika, entropi ya vitu vyenyewe inabadilika kwa ΔS. Joto linaloingia au kutoka linabadilisha entropi ya mazingira kwa −ΔH/T. Sheria ya pili ya thamodinamiki inadai kitu kimoja tu: jumla ya hizo mbili lazima iongezeke. Andika ΔS − ΔH/T kuwa kubwa kuliko sifuri, zidisha pande zote kwa −T, nawe umeandika kwamba ΔH − TΔS lazima iwe hasi. Hiyo ndiyo fomula ya Josiah Willard Gibbs, mtaalamu wa Yale, Marekani, aliyoitoa katika miaka ya 1870.

Kwa hiyo ile picha ya enthalpi na entropi kuvutana kamba, moja ikitaka nishati ishuke na nyingine ikitaka mtawanyiko, si sahihi kiini chake. Kinachohesabiwa ni entropi peke yake, mara mbili: ya vitu vinavyomenyuka na ya kila kitu kilicho nje yake. Enthalpi imo kwa sababu ndiyo inayotuambia mazingira yamepata au yamepoteza nini. Nami naamini kama hili lingesemwa waziwazi siku ya kwanza ya somo, nusu ya ugumu wake ungeondoka.

Turudi kwenye jiwe letu. Moli moja ya CaCO₃ inapogawanyika, entropi ya vitu inapanda kwa juli 160 hivi kwa kelvin. Karibu faida yote hiyo imeletwa na gesi. Katika jiwe, kaboni na oksijeni zilikuwa zimefungwa mahali pamoja. Katika CO₂ zinaruka huku na huko zikiwa na nafasi isiyo na mwisho. Moli ya gesi hiyo ina entropi ya juli 214 kwa kelvin, huku kalisi oksidi iliyoachwa nyuma ikiwa na 40 tu.

Katika siku ya kawaida ya nyuzi 25, sawa na kelvin 298, mazingira yanapaswa kutoa kilojuli 178, na yanazitoa yakiwa baridi. Gawa: yanapoteza entropi ya juli 597 kwa kelvin. Faida ni 160, hasara ni 597. Haiwezekani, na ndiyo maana mwamba wa matumbawe unakaa ufukweni maelfu ya miaka bila kuoza kuwa chokaa. Pandisha halijoto hadi kelvin 1,200, ndani ya moto wa nyuzi 927. Kilojuli ni zilezile 178 ukipuuza mabadiliko madogo, lakini sasa zinatoka mahali palipojaa nishati, na hasara ya mazingira ni 148 tu. Faida ya 160 inaishinda. Jiwe linaachia gesi yake.

Moto katika tanuri, basi, una kazi mbili. Unaleta joto linalohitajika, hilo kila mtu analiona. Pia unalifanya joto hilo liwe rahisi kutolewa, kwa maana kwamba linachukuliwa mahali ambapo kupungua kwake hakuumizi sana hesabu ya entropi. Bila kazi ya pili, ya kwanza ingekuwa bure: ungeweza kulizungushia jiwe bahari nzima ya maji ya vuguvugu, yenye nishati kupita kuni zote za tanuri, na hata chembe moja isigeuke.

Mahali faida na hasara zinapolingana ni karibu kelvin 1,110, nyuzi 840 hivi. Vipimo vya maabara vinaonyesha karibu nyuzi 900, kwa kuwa ΔH na ΔS zenyewe hubadilika kidogo halijoto inapopanda, nasi tumetumia thamani za nyuzi 25. Na hata hiyo 900 ni kwa CO₂ iliyojaa kulizunguka jiwe kwa kanieneo la angahewa nzima. Upepo ukiipeperusha gesi, inasambaa zaidi, entropi yake inapanda zaidi, na jiwe linaachia katika moto mdogo kuliko huo. Tanuri la wazi lenye hewa inayopita linasaidiwa na hewa hiyo kwa namna hii pia, mbali na kuchochea kuni. Kinyume chake kilionyeshwa mwanzoni mwa karne ya 19 na James Hall wa Edinburgh. Alifungia unga wa mawe ya chokaa ndani ya mitutu ya bunduki na kuichoma vikali. Gesi ilipokosa pa kutokea, mawe hayakuwa chokaa. Mengine yaliyeyuka na kuganda kama marumaru.

Kuzima chokaa ni hesabu iliyogeuzwa. CaO na maji vinapoungana, entropi ya vitu inashuka kwa juli 26 hivi kwa kelvin, maana maji yaliyokuwa yakitiririka yamefungwa ndani ya yabisi. Lakini kilojuli 65 zinatoka kwa kila moli, na zinatoka penye baridi, kwa hiyo mazingira yanapata juli 218 kwa kelvin. Hakuna mashindano hapo. Kilo moja ya chokaa iliyochomwa sawasawa inaweza kuchemsha lita tatu na nusu za maji kutoka nyuzi 25, na ndiyo sababu wazoefu huyatia maji kidogo kidogo, wakiwa mbali na uso wa shimo. Chokaa ikiruka machoni inaunguza kwa joto na kwa ukali wake wa alikali. Ukuta unapokauka na chokaa kurudi kuwa jiwe, ile hatua ya tatu, entropi ya vitu inashuka tena, kwa 134, kwa kuwa gesi imerudi kifungoni, nazo kilojuli 113 zinatoka na kuyalipa mazingira 379.

Jumlisha hatua tatu. Enthalpi: 178 − 65 − 113, jibu ni sifuri. Entropi ya vitu: 160 − 26 − 134, sifuri pia. Germain Hess, akifanya kazi St Petersburg, alionyesha mwaka 1840 kwamba joto la mmenyuko halijali njia uliyopitia, linajali mwanzo na mwisho tu, na hapa mwanzo na mwisho ni jiwe lilelile. Lakini dunia haikurudi ilipokuwa. Kilojuli 178 zilichukuliwa kutoka kwenye moto wa kelvin 1,200 na kurudishwa kwa maji na hewa ya kelvin 300 hivi. Mazingira yalipoteza 148 yakapata karibu 600. Kilichobaki kama alama ya kazi yote ni nishati ileile ikiwa imesambaa penye baridi, ambako huwezi kuitumia kuchoma jiwe lingine. Kuni lazima zikakatwe upya.

Jambo moja hesabu hizi haziwezi kusema ni muda. Zinasema kama mmenyuko unaruhusiwa, hazisemi utafanyika lini. Kukauka kwa chokaa kunaruhusiwa kabisa, tena kwa nafasi pana, lakini CO₂ ni chache hewani na lazima ipenye tundu kwa tundu hadi ndani, hivyo katikati ya ukuta mnene chokaa inaweza kukaa muda mrefu sana bila kugeuka. Kuni pia zinaruhusiwa kuungua kila dakika zinapokaa jikoni. Kinachozizuia ni kizingiti cha nishati cha kuanza kuvunja bondi za kwanza, nacho kina somo lake.

Viwanda vya saruji vinachoma jiwe hilihili. Machimbo ya Bamburi karibu na Mombasa yalichimbwa kwenye matumbawe ya kale, ndugu wa yale ya Kilwa. Watu wakisikia kwamba saruji inachafua hewa, hudhani tatizo ni makaa ya mawe yanayochomwa chini ya tanuri, na kwamba tukileta nishati ya jua au umeme wa maji limekwisha. Sehemu hiyo kweli itaondoka. Lakini zaidi ya nusu ya CO₂ ya saruji inatoka ndani ya jiwe, gramu 44 katika kila gramu 100, na kutoka kwake ndiko kulikoleta ile 160 iliyofanya mmenyuko uwezekane. Huwezi kugeuza jiwe kuwa chokaa bila gesi kuondoka ndani yake.

Unachoweza ni kuikamata. Hapo nako entropi inadai chake. CO₂ iliyokwisha kuchanganyika na angahewa, ambamo ni sehemu 420 hivi katika milioni, inahitaji angalau kilojuli 19 kwa moli kuitenga, hata kwa mashine kamilifu isiyopoteza chochote. Ikiwa bado ndani ya bomba la moshi, ambamo inaweza kuwa robo ya gesi yote, kiwango hicho cha chini kinashuka hadi kilojuli 3 au 4. Mashine halisi hutumia nishati nyingi kuliko hizo, lakini tofauti ya msingi inabaki, na ndiyo inayowafanya wahandisi wa saruji wafunge mitambo yao kwenye bomba, kabla gesi haijapata nafasi ya kusambaa.